Maswali ya wasomaji: Namba za krono zinarukaruka, shida ni bunduki au mashine?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja kwa kitu kimoja, kronografu, kile kimashine cha kupima spidi ya risasi ambacho sisi tunakiita krono tu. Bei zake zimeshuka na naona ndugu zetu wengi huku Uingereza wanaopenda kulenga shabaha kwa bunduki za upepo wameshajinunulia au wanaazima kwa wenzao klabuni. Nimechukua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana maana ndani yake kuna karibu kila kosa ambalo mtu anafanya akishika krono kwa mara ya kwanza, na moja la hayo na mimi nimewahi kulifanya.

Shikamoo mzee. Nimenunua bunduki ya upepo ya springi, ile ya kukunja mtutu, .177 (upana wa mtutu kwa inchi), mkononi kwa jamaa. Ilikuwa inalia nyiii kila nikikunja, nikatia mafuta ya cherehani kwenye kale katundu ka kupitishia upepo ikaacha kulia. Juzi nikaazima krono, nikapiga peleti (virisasi vya bunduki ya upepo) 10 za greni 8.44, greni ni kipimo kidogo cha uzito, ikanipa 812, 768, 841, 779, 755, 803, 790, 748, 826, 771. Ile ya tatu ilipasuka kwa mlio mkubwa na moshi ukatoka. Nafikiria kuweka springi kali zaidi ili namba zitulie. Nishauri. – Mpiga Kopo, Leicester

Marahaba mdogo wangu. Kwanza springi usiiguse, haina kosa lolote hapo. Na asante kwa kuandika namba zote kumi bila kuficha zile mbaya, wengi wananiletea ile kubwa tu na kwa namba moja siwezi kusema chochote.

Tuzisome pamoja. Ukijumlisha ukagawa kwa kumi unapata wastani wa futi 789 kwa sekunde, kwa bunduki ya aina yako sio mbaya hata kidogo, na ndio maana mtu anaweza kuangalia wastani akaenda kulala ameridhika. Ila chukua kubwa kabisa utoe ndogo kabisa, 841 toa 748, unabaki na 93. Hilo ndo naliita pengo, na pengo la 93 kwenye bunduki ya springi ni kubwa mno, ikiwa imekaa sawa inatakiwa icheze kwenye 10 mpaka 15 hivi, hata 20 naweza kukuvumilia. Kwahio bunduki yako ina nguvu ya kutosha, inachokosa ni kurudia kitu kilekile mara mbili, na krono kazi yake kubwa ni hiyo, kukuonyesha kama bunduki inarudia. Ile namba kubwa inafurahisha macho tu, ila kopo halidondoki kwa sababu ya namba kubwa, linadondoka kwa sababu peleti ya pili imepita palepale ilipopita ya kwanza.

Sasa mlio na moshi. Unajua injini ya dizeli haina plagi, inabana hewa mpaka inapata moto alafu mafuta yanawaka yenyewe. Bunduki ya springi inafanya hivyohivyo, pistoni inaruka mbele kwa kasi, hewa inabanwa ghafla inapata joto kali, na ikikuta mafuta mepesi kama hayo ya cherehani inayachoma. Huo moto unaongeza msukumo. Lakini haukuti mafuta kiasi kilekile kila safari, risasi moja imekuta tone zima ikaenda 841, inayofuata imekuta kidogo ikarudi 779. Ndio kurukaruka kwenyewe. Na ule mlio uliousikia sio nguvu ya kuringia, unachoma sili ya pistoni, ile inayozuia upepo usivuje, na unaitikisa springi vibaya.

Kuna jambo la sheria hapa na ninalisema bila kuzunguka. England na Wales bunduki ya upepo ya mtutu mrefu (raifo) ikivuka futi-paundi 12, yaani kipimo cha nishati ya risasi, ambayo ni kama jouli 16.27, inahesabika ni silaha inayohitaji cheti cha polisi, na kukaa nayo bila cheti ni kosa. Hesabu yake: chukua uzito wa peleti kwa greni, zidisha kwa spidi, zidisha tena kwa spidi ileile, gawa kwa 450,240. Wastani wako wa 789 unatoa kama 11.7, uko ndani. Ile 841 inatoa 13.26, uko nje kabisa. Na ukimwambia askari kwamba ni mafuta tu yaliungua haitakusaidia, sheria inaangalia bunduki ina uwezo wa kutoa kiasi gani. Kwa peleti hiyo ya 8.44 mstari wenyewe uko kwenye 800, yaani 800 inakupa 11.997, ukisoma 801 umeshavuka. Kwahio usiendelee kuipiga ukitegemea mafuta yataisha yenyewe. Mpelekee fundi mwenye leseni ya kuuza silaha, aifungue, aisafishe ndani, aipake grisi nyeusi ya molibdeni kidogo sana panapohusika tu. Usiifungue mwenyewe kama huna kifaa cha kubania springi, ile springi imekaa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakunjwa na ikichomoka inavunja vidole.

Ikirudi, fanya jaribio la tishu, nalipenda kwa kuwa halina gharama. Chana kipande chembamba cha tishu, kiweke juu ya ile jointi mtutu unapokutana na mwili wa bunduki, ndani kuwe na peleti (usipige tupu kamwe, bunduki ya springi inaumia), vidole vyako viwe mbali, alafu piga kwenye kizuizi chako cha kumeza peleti. Tishu ikitulia, sili ya pale iko salama. Ikiruka au ikipepea, upepo unavujia hapo, na sili ya kubadilisha ni kile kipete kidogo cha mpira.

Alafu pima upya. Piga tano za kupasha bila kuandika, kisha kumi za kuandika, kopo moja la peleti, mshiko uleule, usibane kitako begani leo kwa nguvu kesho kwa ulegevu. Namba zikikaa juu ya 740 na pengo dogo, uko vizuri. Zikishuka mpaka 600 na kitu ujue sili ya pistoni imeshaungua na ule moto ndo ulikuwa unaificha.

Na hio habari ya springi kali, naomba unielewe kwa nini nakukataza. Mimi nilikuwa na yangu iliyokuwa inatoa 760 imetulia. Nikaona 760 ni aibu, nikaweka springi nene. Krono ikanipa 785 nikafurahi siku nzima. Jumamosi nikaenda nayo uwanjani, mita 30, pale nilipokuwa naweka peleti tano ndani ya upana wa sarafu ya pensi 10 sasa zinatawanyika kama sahani ya kikombe, bunduki inaruka mkononi, na skrubu za darubini zikawa zinalegea. Futi 25 za spidi zilinigharimu miezi miwili ya kutafuta kosa lisilokuwepo, mpaka nilipoirudisha springi ya zamani. Kiasi cha hewa ndani ya silinda hakikuongezeka, ndio maana springi kali inaongeza kidogo tu kwenye spidi na inaongeza sana kwenye mtikisiko.

Kaka, mimi yangu ni ya mtungi wa hewa iliyobanwa, .22, haina regyuleta, kile kifaa cha kutuliza presha. Najaza mpaka presha ya bari 200 kama maelezo yanavyosema. Risasi za mwanzo zinakwenda chini ya pale ninapolenga, katikati zinakaa sawa, mwishoni zinashuka tena. Fundi mmoja kaniambia darubini imekufa, ninunue mpya. – Baba wa mapacha, Coventry

Usinunue darubini. Subiri kwanza.

Bunduki ya mtungi isiyo na regyuleta ina mlima wake. Watu wanadhani presha ikiwa kubwa spidi nayo inakuwa kubwa, inaonekana ina mantiki ila sivyo inavyofanya kazi. Ndani kuna kinyundo kinachogonga valvu ifunguke, na presha iliyo kwenye mtungi ndo inayoisukuma hiyo valvu ikae imefungwa. Ukijaza sana ni sawa na kusukuma mlango wakati upepo wa kusi umeushikilia kwa upande wa pili, unafunguka kidogo tu na kujifunga, hewa inayopita ni chache, peleti inatoka polepole. Presha ikipungua mlango unafunguka vizuri, spidi inapanda. Ikipungua zaidi hewa yenyewe inakuwa haina nguvu tena, spidi inashuka.

Kwahio chukua krono, jaza mpaka 200, piga mpaka mwisho, na kila geji ikishuka bari 10 andika spidi. Kwa peleti ya greni 15.89 mara nyingi unapata kitu kinachofanana na hiki: kwenye 200 unasoma 535, kwenye 190 548, 180 inakupa 559, 170 ni 566, kwenye 160 na 150 zote 570, 140 inarudi 566, 130 557, 120 541. Hizi ni namba za kukuonyesha umbo la mlima tu, yako itakuwa na zake. Sasa angalia kati ya 170 na 140, pengo ni futi 4. Hapo ndo pa kuishi. Usijaze mpaka 200, jaza mpaka 170 na ikifika 140 rudi kujaza. Utapata risasi chache kwa kila ujazo, sawa, lakini zote zinakwenda mahali pamoja. Tofauti ya 535 na 566 kwa mita 36 hivi ni karibu sentimita 3 chini kwa hesabu yangu, na ndio hizo ulizokuwa unailaumu darubini.

Halafu angalia juu ya mlima. Spidi 570 na peleti hiyo ni futi-paundi 11.47, uko salama, ila 583 ndo mpaka wako. Jaribu pia na peleti nzito kidogo, kwa sababu bunduki za mtungi kwa kawaida zinatoa nishati zaidi na peleti nzito hata kama spidi imeshuka, na za springi mara nyingi ni kinyume chake. Mtu anapima na nyepesi anaona 11.2 anatulia, kumbe kwa nzito ameshavuka 12 na hajui.

Wenye regyuleta nao wanisikilize hapa. Krono inawaonyesha vitu viwili ambavyo hamuwezi kuviona kwa macho. Kama risasi ya kwanza ya asubuhi iko juu, tuseme futi 20 kuzidi zinazofuata, regyuleta inavujisha presha taratibu usiku kucha kwenda kwenye kale kachumba ka mbele. Na kama ukipiga harakaharaka spidi inashuka lakini ukipumzika sekunde 30 inarudi, basi regyuleta inajaza polepole. Yote mawili dawa yake ni kufunguliwa na kusafishwa. Watu wengi wanakimbilia kukaza springi ya kinyundo, wanahama na tatizo kwenda nalo sehemu nyingine.

Krono yangu ni ile ya macho mawili ya taa. Nje inafanya kazi, ndani ya gereji inaniandikia makosa, mara inasema 1,400. Imeharibika? – Fundi Bati, Luton

Haijaharibika, ni taa za tyubu za gereji. Umeme wa huku unabadilika mara 50 kwa sekunde na tyubu inawakawaka mara 100, jicho lako halioni ila sensa inaona, inadhani kila kuwaka ni peleti imepita. Hata baadhi ya balbu za LED za bei rahisi zina tabia hiyo. Tumia tochi zinazotumia betri juu ya kila sensa, au nunua zile taa zake zinazouzwa pamoja. Nje siku ya mawingu ndo bora kuliko zote, anga jeupe lisilo na kivuli, na kwa hilo Uingereza tumebarikiwa. Jua kali likipiga moja kwa moja kwenye sensa weka kivuli cha karatasi nyeupe.

Usiiweke karibu sana na mdomo wa mtutu, ule upepo unaotoka na peleti unaweza kuigusa sensa kabla, mita moja inatosha. Peleti ipite sambamba na mashine, ukipiga kwa mshazari inasafiri njia ndefu kati ya sensa na sensa na namba inatoka ya uongo. Badilisha betri kabla haijaisha kabisa. Na kabla ya yote weka karatasi nyuma ya krono uone peleti inapita wapi, maana darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 au 5, kwa karibu hivyo unaona umelenga juu ya mashine kumbe mtutu unaiangalia mashine yenyewe. Miwani ya kulinda macho vaa, na nyuma kuwe na kizuizi kinachomeza peleti, usitegemee ukuta wa matofali. Ukimaliza nawa mikono, peleti nyingi ni za risasi, ile madini ya sumu.

Mimi ni mwanamke nipo Hamburg, nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha ya mita 10. Krono ya klabu inaonyesha bunduki yangu inatoa mita 170 tu kwa sekunde. Wenzangu Uingereza wananitumia namba za 240. Nimeibiwa? – Dada wa Bandarini

Hapana dada, hujaibiwa. Ujerumani bunduki ya upepo inayouzwa bila kibali kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea mwisho wake ni jouli 7.5, utaona alama ya F ndani ya pembetano imegongwa kwenye chuma. Kwa peleti ya gramu 0.53, mita 170 kwa sekunde ni jouli 7.66, iko juu ya mstari kidogo, kwahio mwambie fundi wa klabu aithibitishe kwa peleti unayotumia na mashine ya pili. Kwenye mchezo huo wa mita 10 duara la 10 ni kadoti ka nusu milimita. Mpaka Olimpiki wanagombania hako kadoti kwa spidi kama yako, na sijasikia mmoja anayelalamika kuwa haitoshi. Wewe tazama pengo. Bunduki ya mashindano iliyotunzwa inakaa ndani ya mita 2 au 3 kwa sekunde risasi kumi mfululizo, ikizidi hapo ndo ulalamike.

Natarajia kwenda kwa shemeji Glasgow na bunduki yangu, ni futi-paundi 11 na nina karatasi ya krono. Inatosha? – Msafiri, Preston

Haitoshi. Scotland tangu 31 Desemba 2016 bunduki za upepo za kawaida nazo zinahitaji cheti, na mgeni anaomba kibali cha mgeni kwa polisi wa huko kabla hajasafiri. Karatasi ya krono itakusaidia kuonyesha kuwa iko chini ya 12, haigeuki kuwa kibali. Iache nyumbani mpaka kibali kitoke.

Sina hela ya krono. Simu inaweza? – Mwanafunzi, Cardiff

Inaweza kwa kiasi. Zipo programu zinazosikiliza kwa maikrofoni, zinanasa mlio wa bunduki na mlio wa peleti kugonga bati, unaziambia umbali, zinapiga hesabu. Weka simu katikati ya bunduki na bati, hapo sauti zote mbili zinasafiri umbali sawa kuifikia. Ukiiweka karibu na bunduki lazima utoe muda wa sauti kurudi kutoka kwenye bati, nayo inakwenda kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20. Kumbuka pia inakupa wastani wa njia nzima, sio spidi ya mdomoni, kwahio itasoma chini kidogo, na kwa mambo ya sheria usiitegemee. Kwa kuangalia pengo inafaa sana.

Na kabla ya umeme watu walipima. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins aliandika namna ya kuning'iniza kipande kizito, kukipiga risasi na kupima kimebembea kiasi gani, kutoka hapo anapata spidi. Ukiwa na mizani nzuri, uzi na rula unaweza kufanya hivyohivyo na kopo lililojazwa udongo wa kuchezea watoto. Inataka uvumilivu, lakini kwa mwanafunzi wa fizikia sioni somo zuri zaidi ya hilo.

Tulipokuwa tunafunga kurasa hizi kijana wa Leicester akaniandikia tena, nilikuwa nimeshamtumia jibu kwa simu. Fundi ameifungua na kuisafisha, anasema pistoni ilikuwa inachuruzika mafuta na sili yake imebabuka pembeni kidogo, akaiacha. Namba mpya: 709, 705, 713, 702, 708, 711, 706, 714, 704, 710. Ananiuliza kama imekufa, imeshuka sana.

Haijafa. Wastani 708, futi-paundi 9.4, pengo 12. Jana ilikuwa inatoa namba kubwa huku inajichoma, leo inatoa ndogo zilizoshikana, na hii ndo bunduki ya kwenda nayo uwanjani. Jaribio la tishu amefanya, tishu ilipepea, kwahio kile kipete cha jointi kibadilishwe kwanza, upime kumi nyingine. Zikipanda kwenye 730 au 740 achana na pistoni mpaka mwakani. Zisipopanda ndo umwambie fundi aweke sili mpya, na springi ibaki ileile.

Niandikie hizo kumi zikitoka, zote.